Ukifukua Kikuku cha Shaba: Mwongozo kwa Watu wa Lumino, Busia na Tororo

Jembe likigonga kitu kikatoa mlio wa madini, usiking'oe kwanza. Muda mfupi utakaokaa bila kukigusa ndio utakaoamua kama umepata urithi au umepata shaba ya kuuza kwa kilo.

Mwongozo huu ni wa anayelima Lumino, anayechimba shimo la choo Masafu, anayefyatua matofali kando ya Mto Sio, anayetafuta dhahabu Tiira, na pia wa aliyerithi kikuku cha nyanya yake huko Funyula au Tororo na hajui akifanyie nini. Unahusu mapambo ya kale ya shaba: vikuku vya mkono na mguu, pete na vidani, hasa vile vyenye sura ya mnyama, kwa kuwa hivyo ndivyo vinavyotafutwa na wanunuzi na ndivyo vinavyoigwa zaidi.

Kanuni ni moja, na mengine yote yanatoka humo: thamani ya kikuku cha kale iko mahali kilipolala na katika habari za aliyekivaa. Ukivipoteza hivyo viwili, kinachobaki ni shaba tu, na hapa mpakani mwa Kenya na Uganda mizani ya skrapu iko karibu kuliko makumbusho.

Kwa nini mahali ni muhimu kuliko kitu chenyewe

Mwaka 1938, huko Igbo-Ukwu, kusini-mashariki mwa Nigeria, Isaiah Anozie alikuwa akichimba shimo la kuhifadhia maji kwenye boma lake alipokuta vyombo vya shaba. Hakujua ni nini; vingine akawagawia majirani. Afisa wa utawala wa eneo hilo, J. O. Field, alipopata habari alivinunua alivyoweza na kuandika vilikotoka. Kwa kuwa mahali palijulikana, mwanaakiolojia Thurstan Shaw aliweza kwenda kuchimba hapo miaka 20 na zaidi baadaye, kuanzia 1959. Alikuta kazi ya karne ya 9 hivi: vidani vya kichwa cha tembo, cha kondoo dume na cha chui, nyoka waliojiviringa, hata wadudu waliosubiwa kwa ustadi wa hali ya juu. Kama vyombo vile vingeishia kwenye tanuri la mhunzi, historia ya Afrika Magharibi ingekosa ukurasa mzima.

Mfano mwingine uko karibu zaidi. Huko Sanga, kando ya Ziwa Kisale katika Katanga, makaburi ya kale yalichimbwa 1957 na 1958. Ndani yake mlikuwa na vikuku, mikufu na misalaba midogo ya shaba. Wachimbaji waliandika kila kitu kilipokuwa: juu ya kifua, kiunoni, mkononi. Kutokana na maandishi hayo watafiti waliona kwamba misalaba ya mwanzo ilikuwa mikubwa na michache, ikiwekwa kifuani mwa marehemu kama alama ya hadhi. Ya baadaye ilikuwa midogo, mingi na yenye vipimo vinavyofanana, tena karibu na mikono. Ilikuwa imegeuka fedha. Msalaba mmoja mmoja, ukiwa umetolewa na kuwekwa kwenye meza ya mnunuzi, usingeweza kusema hayo.

Ijue shaba unayoishika

Kwa macho tu unaweza kutenganisha aina tatu. Shaba safi ni nyekundu. Shaba iliyochanganywa na bati huwa ya kahawia yenye wekundu. Hiyo ndiyo iliyotumika sana katika sanamu na mapambo ya kusubu duniani. Shaba iliyochanganywa na zinki huwa ya manjano, na asiye makini huidhania dhahabu. Zote zikikaa ardhini huota kutu ya kijani au ya bluu, kwa hiyo rangi halisi utaiona tu mahali palipokwaruzwa na jembe. Usikwaruze mwenyewe ili uone.

Chukua sumaku ya spika mbovu. Shaba haivutwi. Sumaku ikinata, una chuma, au una chuma kilichopakwa shaba juu. Usikidharau kwa sababu hiyo: milima ya Samia ilijulikana kwa wafua chuma wake, na majembe yao yaliuzwa mbali na kutolewa mahari. Mavi ya chuma na vipande vya mirija ya udongo ya mivuo ni ushahidi wa karakana ya kale, na vinastahili kuripotiwa sawasawa na kikuku.

Shaba yenyewe ilifika hapa kutoka mbali. Katika karne ya 19 misafara ya pwani ilikuja na nguo, shanga na waya wa shaba. Msafiri Joseph Thomson aliwasili Wanga, kwa mtawala Mumia, mwaka 1883 akiwa kwenye njia hizo hizo za biashara. Waya wa aina hiyo mara nyingi ulikuwa wa manjano, yaani wenye zinki, na mafundi wa bara waliukata, wakaufua na kuuviringa. Kwa hiyo kikuku cha manjano kilichoviringwa kama chemchemi ya godoro huenda ni cha enzi ya misafara, si cha miaka 1,000 iliyopita. Hilo halikipunguzii heshima. Kwa Wawanga, bangili ya shaba ni miongoni mwa alama za utawala wa Nabongo, mfalme wao.

Mnyama unayemwona ni wa wapi?

Hapa ndipo wengi hudanganyika. Vikuku vingi vya zamani vya nchi hizi za maziwa ni waya uliosokotwa, kuviringwa au kufuliwa ukawa bapa, pengine umechorwa mistari. Mafundi wa bara huku walifua na kuvuta waya. Kusubu mnyama mzima kwa njia ya nta, ambapo fundi humfinyanga mnyama kwa nta, akamfunika kwa udongo, akayeyusha nta itoke na kumimina shaba mahali pake, ni ufundi uliostawi Afrika Magharibi: Igbo-Ukwu, Ife, Benin, na kwa Waakan wa Ghana na Ivory Coast.

Lakini usikate tamaa mapema mno. Huko Shanga, kwenye kisiwa cha Pate katika pwani ya Kenya, uchimbaji ulioongozwa na Mark Horton katika miaka ya 1980 ulitoa sanamu ndogo ya simba ya shaba iliyochanganywa, ya takribani mwaka 1100, yenye mtindo unaofanana na wa India. Waswahili wa zama hizo walikuwa na shaba, walikuwa na simba, na walikuwa na marafiki ng'ambo ya bahari. Kitu cha pwani kinaweza kusafiri hadi ziwani mikononi mwa mfanyabiashara.

Basi ukiona sura ya mnyama, jiulize haya:

1. Je, ni mnyama kweli, au ni ncha mbili za kikuku zilizofuliwa zikanenepa? Ncha iliyopigwa nyundo ikawa bapa hufanana sana na kichwa cha nyoka, na nyoka ndiye anayeonekana kirahisi kuliko wanyama wote katika vikuku vya dunia nzima, tangu Misri hadi Roma.
2. Je, kimesubiwa au kimefuliwa? Kilichofuliwa huwa na alama ndogondogo za nyundo na unene usiolingana. Kilichosubiwa huweza kuwa na vijitundu vya hewa, na macho, meno au magamba yaliyoinuka.
3. Je, pua, masikio na magamba yamelika? Kikuku kilichovaliwa miaka mingi hulika mahali panapojitokeza, na upande wa ndani unaogusa ngozi huwa laini kuliko wa nje. Mnyama mwenye ncha kali kila mahali hakuwahi kuvaliwa.

Majibu hayo hayakupi umri. Hakuna anayeweza kutazama shaba akakwambia mwaka wake. Umri hutoka kwenye vilivyolala pamoja nayo: mkaa, ambao maabara huupima, na vigae vya vyungu. Vigae vyenye mikwaruzo ya mistari sambamba na kibonyeo chini ya kitako vinaweza kuwa vya utamaduni wa Urewe, uliopewa jina la mahali palipo Siaya na kuelezwa na akina Leakey na Archdeacon Owen katika chapisho la 1948. Vyungu vya aina hiyo vina umri wa zaidi ya miaka 1,000, na vya mwanzo kabisa vinakaribia 2,500. Kigae kimoja kilicholala pembeni kinaweza kukupa habari kuliko kikuku chote. Usikitupe.

Kikiwa bado ardhini

Simamisha kazi upande huo wa shimo. Piga picha kitu kilipo kabla hujakigusa: moja ya karibu yenye rula, sarafu au kiberiti pembeni, nyingine ya mbali inayoonyesha mti, nyumba au njia. Simu nyingi zinaweza kuhifadhi mahali kwenye ramani. Washa huduma hiyo.

Kisha andika, kwa kalamu, siku ile ile:

– Tarehe, kijiji, mwenye shamba, na aliyekiona kwanza.
– Kina kutoka juu ya ardhi. Kama huna futi, tumia shubiri au dhiraa, lakini taja ni ya nani.
– Rangi ya udongo: mweusi, mwekundu, wenye majivu, wenye mkaa.
– Vilivyokuwa karibu: vigae, mifupa, shanga, mavi ya chuma, mawe yaliyopangwa.
– Kitu kilikuwa kimelala vipi: wima, bapa, ndani ya chungu, juu ya mfupa.

Ukiona mfupa wa binadamu, acha kabisa. Hilo si jambo la mambo ya kale mpaka polisi waseme hivyo. Mwite chifu upande wa Kenya au mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) upande wa Uganda, funika sehemu hiyo kwa turubai, na usiruhusu watoto kuchokonoa.

Kama mvua inakuja, au mahali si salama na huna budi kukitoa, kitoe pamoja na udongo ulioshikamana nacho. Tumia kijiti, si ncha ya panga. Kibebe kwa mikono miwili, ukikiweka juu ya kitambaa laini. Kwa wachimbaji dhahabu kuna onyo la ziada: usikitie kwenye karai lenye zebaki. Zebaki hushikana na shaba na kuharibu uso wake, na mvuke wake unakuharibu wewe pia.

Usichimbe zaidi kutafuta mwenzake. Huo ndio ushauri unaopuuzwa kuliko wote, na ndio unaogharimu zaidi. Shimo la pili, lililochimbwa usiku kwa pupa, hufuta yale ambayo la kwanza lilikuwa limebakiza.

Kutunza: usikisugue

Kila nyumba ina dawa yake ya kung'arisha shaba: ndimu na majivu, ukwaju, mchanga, dawa ya meno, steelwool. Kwa sufuria, sawa. Kwa kikuku cha kale ni msiba. Ile kutu ya kijani iliyo ngumu na laini kama rangi iliyokauka ni ngozi inayokilinda. Ndani yake huweza kuwa na alama za nguo iliyokifunika, nyuzi, hata mistari ya fundi. Asidi ya ndimu huila yote.

Kuna kutu nyingine ya kuogopa. Ukiona vijidoa vya kijani kibichi chepesi, vya unga unaotoka kwa kidole, na vinarudi baada ya kupanguswa, hicho ni kidonda kinachotokana na chumvi iliyomo ndani ya shaba ikikutana na unyevu. Tiba ya nyumbani haipo. Kinachosaidia ni ukavu mpaka kifike kwa mtaalamu wa makumbusho. Hewa ya kandokando ya ziwa ina unyevu mwingi, kwa hiyo fanya hivi:

– Kikaushe kivulini, si juani wala jikoni.
– Kiweke kwenye kikopo cha plastiki chenye kifuniko, pamoja na zile pakiti ndogo za kukausha zinazokuja ndani ya viatu vipya. Zibadilishe zikizeeka.
– Kifunge kwa karatasi nyeupe safi au pamba kavu. Gazeti, mpira wa kufungia noti na kitambaa cha sufu viepuke. Huiachia shaba kemikali na kuitia weusi.
– Weka karatasi ya kumbukumbu ndani ya kikopo hicho hicho, na nakala yake mahali pengine.
– Kishike kwa mikono mikavu iliyonawiwa. Jasho nalo lina chumvi.

Sheria za pande mbili za mpaka

Upande wa Kenya, Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale kila kitu kinachohamishika kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895, ukiacha vitabu na hati. Kumbuka ule waya wa misafara ya enzi ya Thomson: kikuku kilichotokana nao kinaangukia humo. Vilivyo ardhini ni mali ya serikali, na anayevumbua anatakiwa kutoa taarifa ndani ya siku saba, akieleza mahali na jinsi alivyokipata. Kukitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Ofisi iliyo karibu ni Makumbusho ya Kisumu, iliyofunguliwa 1980. Aliye upande wa kaskazini anaweza kwenda Kitale.

Upande wa Uganda, sheria ya zamani ya 1967 imepisha Sheria ya Makumbusho na Kumbukumbu ya 2023. Mwenye dhamana ni Idara ya Makumbusho na Kumbukumbu iliyo chini ya Wizara ya Utalii, Wanyamapori na Mambo ya Kale. Makumbusho ya Uganda, yaliyoanza 1908, yako barabara ya Kira, Kampala. Mtu wa Lumino aanze kwa mwenyekiti wa LC1 na afisa wa maendeleo ya jamii wa wilaya, lakini asiishie hapo: apige simu au atume picha Kampala mwenyewe.

Usikivushe mpaka ili ukitafutie bei nzuri Busia ya pili au Malaba. Kwanza, unavunja sheria. Pili, ukikivusha umekitenga na kijiji chake, na ripoti yake itazua maswali pande zote mbili. Tatu, shaba isiyo na maelezo inatiliwa shaka: Januari 2022 Kenya ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa sababu ya uharibifu wa mitambo ya umeme, na ilipoiruhusu tena mwezi Mei ilikuja na masharti mapya. Karatasi yako yenye tarehe na picha ndiyo itakayokutetea.

Kikienda mbali zaidi, kurudi ni kazi ya vizazi. Juni 2024 Chuo Kikuu cha Cambridge kilirudisha Kampala vitu 39 vilivyochukuliwa zama za ukoloni. Vilirudi baada ya zaidi ya karne, tena kwa mkopo wa miaka mitatu kwa kuanzia.

Onyo la mwisho la kisheria ni la wanyama wenyewe. Pambo la shaba huweza kuwa limefungwa kucha za chui, jino la kiboko, pembe ya ndovu au ngozi ya chatu. Kumiliki au kuuza vitu hivyo bila kibali ni kosa chini ya sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 na ya Uganda ya 2019, hata kama ni vya babu yako. Usiving'oe na kuvitupa. Toa taarifa na uombe maelekezo.

Ukiletewa cha kununua

Masoko ya sanaa ya Nairobi na Kampala yana shehena ya vitu vya shaba kutoka Afrika Magharibi na Kongo: vinyonga, mamba, chui, ndege. Vingi ni kazi mpya nzuri, na hakuna ubaya kuvinunua kwa bei ya kazi mpya. Ubaya ni kuuziwa kama "cha kale cha Samia".

Mwulize muuzaji: kilitoka kijiji gani, kwa nani, lini, na picha iko wapi? Akijibu kwa hekaya badala ya jina la mahali, rudisha hela mfukoni. Tazama kama kuna mstari mwembamba unaozunguka ubavuni, alama ya kalibu ya vipande viwili. Tazama kama ana vingine kumi vinavyofanana. Tazama kama ule ukijani umekaa sawasawa kila mahali kama rangi ya brashi. Kutu ya kweli haina nidhamu hiyo.

Na atakayekwambia kikuku kina nguvu, kinavuta mali, na kwamba kuna mzungu hotelini anakisubiri ila wewe utoe kwanza ada ya kukipima, huyo hatafuti kikuku. Anatafuta ada.

Kama simulizi yake inaonekana ya kweli, ndiyo sababu kubwa zaidi ya kutonunua. Ukinunua kilichofukuliwa, umelipia shimo linalofuata.

Kikuku kilichoko nyumbani

Huenda usifukue kitu maishani. Lakini vikuku vya urithi viko kwenye masanduku ya nyumba nyingi, na vinapotea bila jembe: mzee akifariki, mjukuu hupeleka "vyuma vya nyanya" kwa muuza skrapu.

Keti naye akiwa hai. Usianze kwa kuuliza bei wala umri. Muulize alikivaa siku gani, nani alimvisha, kilitoka upande wa mume au wa kwao, nani aliruhusiwa kukigusa, na kama ukoo una mnyama ambaye haliwi au hauawi. Muulize jina la kikuku kwa Kisamia, Kijopadhola au Kiteso, uliandike kama analitamka. Kama kuna sura ya mnyama, mwache yeye aseme ni nani. Ukitaja nyoka wewe, atakubali kwa adabu, na utakuwa umejiandikia jibu lako. Rekodi sauti kwa simu, kwa ruhusa yake.

Kikuku cha ukoo kibaki kwa ukoo. Makumbusho yanaweza kukipima na kukipiga picha kisha yakakurudishia. Omba hivyo waziwazi.

Siku ya kukabidhi kilichofukuliwa

Nenda na shahidi. Peleka kitu, vigae na karatasi ya kumbukumbu pamoja, visitenganishwe. Usitarajie donge nono, lakini una haki ya kudai mambo mengine: risiti yenye tarehe, jina na saini ya aliyepokea, maelezo ya kitu pamoja na vipimo na picha, jina lako, la kijiji na la mwenye shamba liandikwe kwenye daftari la makumbusho, na namba ya usajili ambayo mwanao anaweza kuitaja miaka 30 ijayo akaonyeshwa kitu hicho. Ofisi ikikataa kuandika risiti, rudi nacho nyumbani, kiweke kikavu, na upige simu makao makuu, Nairobi au Kampala, mara moja; upande wa Kenya, kabla ya zile siku saba kwisha.